Kwa nini bado sijasaini ile karatasi ya tumbili

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi. Mambo yalikuwa mengi: asaimenti mbili, semina moja ya saikolojia ya elimu ambayo nilitajwa jina mbele za watu, na test ya Jumatatu ambayo naomba tusiizungumzie. Leo nimerudi kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na kila nikijaribu kulieleza pale kwenye korido watu wanaanza kucheka kabla sijafika nusu. Humu hamwezi kunikatiza. Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Kwa ambao hamkuwepo, tukio lenyewe ni hili. Jumanne ya wiki iliyopita mimi na rumeti wangu (humu namwita Wakili, maana anasoma sheria na hajawahi kukubali kosa lolote tangu mwaka wa kwanza) tulikwenda lekcha ya saa nane tukaacha dirisha wazi. Joto la Dar si mnalijua. Tuliporudi tukakuta tumbili watatu ndani. Mmoja kakaa juu ya meza yangu kama mkuu wa idara. Mkate wa slesi umebaki mfuko. Sukari robo kilo imemwagwa kwenye kitanda cha Wakili. Na desa langu la mitaala, kurasa kama kumi na tano nilizonakili kwa mkono kwa sababu bumu lilikuwa limeisha na fotokopi haikopeshi, lilikuwa limechanwa na kukojolewa. Kukojolewa, jamani! Test ilikuwa Jumatatu. Sasa mmeelewa kwa nini nimesema tusiizungumzie.

Alhamisi karatasi ikaanza kuzunguka mabweni. Inaomba mambo mawili: tumbili wote waondolewe eneo la hosteli, na ile mikungu miwili nyuma ya jengo letu, wanayolala na kupandia, ikatwe. Kwenye ghorofa yetu wamesaini wote isipokuwa mimi, ambaye ndiye niliyeibiwa. Nimeshapewa majina matatu mapya, moja ni "shemeji wa tumbili". Wakili ananiambia mlalamikaji akigoma kulalamika kesi inakufa, kwa hiyo nawaangusha wenzangu.

Niseme ukweli, kalamu niliishika. Nilikuwa na hasira na nilitaka kusaini hata mara mbili. Kilichonizuia ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ambaye simjui yuko wapi sasa hivi.

MCHORO WA ALAMA KUMI NA MOJA

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja ya kata pembezoni mwa jiji. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, watoto wamechoka na mimi nimechoka kuwazidi, nikaona niwape zoezi jepesi: chora jiji lako la mwaka 2060. Nilikusanya michoro 47 nikaenda kuisahihisha kitandani.

Wadau, ile michoro ilikuwa mizuri. Barabara za juu zimepandana tatu tatu kama vile flaiova ya Tazara imezaa. Treni za umeme. Magari yanayopaa. Maghorofa ya vioo mpaka yametoboa ukingo wa karatasi. Niliyempa alama ya juu kabisa, 18 kwa 20, alichora mnara mmoja wa vioo na kiwanja cha zege kuuzunguka, kasafi, mistari yote kwa rula. Hapakuwa na jani hata moja. Wakati ule sikuliona hilo.

Halafu kuna binti mmoja alichora nyumba za kawaida tu. Waya wa umeme na kunguru wamejipanga. Paka juu ya bati. Mto, na kando ya mto chura mkubwa kuliko daladala. Wenzake waliuona wakacheka. Mimi mwalimu nikacheka pia. Nikampa 11 na kumwandikia kwa wino mwekundu: "Nilisema jiji la BAADAYE." Yaani niliandika kwa herufi kubwa kabisa.

Jumatatu alinifuata mezani kuulizia alama zake. Akaniambia kwao ni bondeni, na chura wakianza kulia kwa wingi usiku bibi yake huwaamsha wapandishe magodoro juu ya kabati, maana maji yako njiani. "Ticha, 2060 chura wakiwa hawapo, nani atatuamsha?" Nilimjibu kwamba mwaka huo kutakuwa na simu za kutoa tahadhari. Akasema sawa ticha, akarudi kukaa. Alama sikubadilisha.

Nilipoinama kusaini ile karatasi ya tumbili, huyo binti ndiye aliyenijia kichwani. Niliona tunachoomba ni mchoro ule ule wa alama 18: zege, vioo, na kimya. Na mwalimu niliyeupa 18 nilikuwa mimi.

TAYARI TUNAISHI NAO

Tukizungumzia jiji la baadaye ambalo watu wataishi pamoja na wanyama na ndege, watu wanadhani ni hadithi za katuni. Lakini hebu hesabuni Dar ya leo. Kunguru, panya, paka, mbwa koko, mijusi ukutani, popo kwenye miembe, konokono, chura, mbu (huyu naye yumo, hata kama hatumtaki), mwewe wanaozunguka juu ya soko la samaki Feri, na tumbili wetu hapa. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Hao wengine hawakuhesabiwa, ila wapo, na wanakula, na wengi wanakula vya kwetu.

Jiji nalo linakua. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2018 yaliiweka Dar kwenye orodha ya majiji yatakayovuka watu milioni 10 ifikapo 2030. Pori lililobaki pembeni linageuka viwanja. Wanyama waliokuwa humo wana njia mbili: wafe au waje tulipo. Kwa hiyo swali la kwamba tuishi nao au tusiishi nao limeshapitwa na wakati. Kilichobaki ni kuamua tunaishi na nani na kwa masharti gani. Na tusipoamua sisi, jalala litatuamulia.

Mfano mzuri ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu wanaotuibia chipsi si wenyeji wa hapa. Asili yao ni Asia ya Kusini. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili wasaidie kusafisha taka za mji. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndiyo? Mwenyeji hakupona. Wakazaliana, wakavuka kwenda bara, wakashika pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, vifaranga vya watu, na chochote tunachokitupa. Yule kunguru mwenyeji mwenye shingo nyeupe siku hizi humwoni hovyo mjini. Dar imeshawategea mitego na sumu. Kenya nayo mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja hadi mwisho wa mwaka huo.

Sisemi waachwe. Ndege wetu wadogo nao wana haki ya kulea makinda. Ninachosema ni kwamba unaweza kuua kunguru milioni, lakini kama jalala liko wazi umeacha meza imeandaliwa, na mwingine atakuja kukaa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita watu walikuwa na taka, badala ya kushughulika na taka wakaleta ndege. Leo tuna taka na ndege.

Sasa rudini hosteli. Nendeni mkaangalie lile pipa nyuma ya kantini. Halina mfuniko tangu nimefika hapa. Jioni limefurika mabaki ya ugali, maganda ya ndizi, vipande vya chapati. Na sisi wenyewe, tusidanganyane, mwaka wa kwanza wote tulisimama pale tukiwarushia tumbili karanga ili tupige nao picha. Mimi ninayo, nimevaa ile fulana ya bluu. Tumewafundisha miaka yote kwamba mtu ni chakula na dirisha ni mlango. Mimi nasomea ualimu, mwanafunzi akifaulu alichofundishwa namjua. Wale tumbili wamefaulu.

FISI WENYE MLANGO WAO

Kuna mji mmoja Ethiopia unaitwa Harar. Ni mji wa Waislamu wa zamani sana, na mji mkongwe wake umezungukwa na ukuta uliojengwa karne ya 16. Kwenye ukuta huo kuna matundu madogo chini, na usiku fisi hupita humo wakaingia mjini. Wanazunguka vichochoroni, wanakula mifupa na mabaki ya mabuchani, na kabla hakujapambazuka wanatoka. Wapo watu ambao kila jioni huwalisha nyama nje ya ukuta, na wageni hutoka mbali kuangalia. Siku ya Ashura wenyeji huwawekea uji, na namna fisi watakavyoula huwaambia wazee mwaka utakuwaje. Wengine husema fisi hula majini wabaya, ndiyo maana ni heri apite.

Hebu fikirieni. Kwetu bara fisi ni usafiri wa mchawi. Ukimwona karibu na nyumba usiku, kesho yake familia nzima iko kwenye kikao. Harar wana mnyama huyo huyo, meno yale yale, na wamekaa naye kwa sababu walikubaliana naye. Fisi ana mlango wake, ana saa zake, ana kazi yake. Asubuhi njia ni za watu. Usiku ni zamu ya fisi. Sidhani kama watu wa Harar wanampenda fisi kuliko sisi. Wamempangia tu.

Msije mkasema hayo ni mambo ya mji wa kale. Kule Austin, Texas, nchini Marekani, kuna daraja katikati ya jiji. Lilijengwa upya mwaka 1980, na mafundi wakaacha nyufa nyembamba chini yake bila kujua kwamba ni kipimo kile kile popo wanachokipenda. Popo wakahamia kwa maelfu. Watu wakapata hofu, wakazungumzia kichaa cha mbwa, wakataka waangamizwe. Mwaka 1986 mtaalamu wa popo aitwaye Merlin Tuttle akahamia jiji hilo na kuanza kazi ya kuelimisha watu: msiwashike, waacheni wapite, wanakula wadudu kwa tani. Leo wakati wa kiangazi huko kuna popo takriban milioni 1.5 chini ya daraja lile, na jioni watu wanapanga mstari kuwatazama wakitoka. Daraja ni lile lile na popo ni wale wale. Kilichobadilika ni elimu. Na hapo wenzangu wa kitivo chetu mnaelewa kwa nini mfano huu nimeupenda.

Kwa popo wa kwetu pia nina neno. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo wala matunda ni miongoni mwa wachavushaji wake wakubwa. Kwa hiyo wewe unayenunua ubuyu wa Zanzibar kila ukipata bumu, mdomo mwekundu mpaka masikioni, ujue kuna mnyama usiyetaka kumwona dirishani anakufanyia kazi usiku wewe ukiwa umelala.

NANI ANALIPA?

Wakili hakukubali. Tulibishana juzi mpaka saa saba usiku, na alinishinda sehemu moja ambayo lazima niikiri humu. Aliniuliza: "Hizo habari za kuishi pamoja, bili analipa nani?" Akasema mtu anayeishi kwenye nyumba yenye ukuta na geti huwa anawapenda sana wanyama. Anayelala na simba nyuma ya zizi hana muda huo.

Ni kweli. Nairobi ina hifadhi ya taifa tangu 1946, kilomita za mraba 117, kama kilomita 7 tu kutoka katikati ya jiji. Picha ya twiga mbele na maghorofa nyuma tumeiona wote. Lakini upande wa kusini, ambako wanyama walizoea kutoka na kuingia, watu nao wamejenga na kufuga. Juni 2012 simba waliingia kwa wafugaji Kitengela wakaua mbuzi, na wananchi wakawaua simba sita. Mimi nikiwa na mbuzi wanne tu, wote wa ada, na simba akala watatu, sijui kama ningeandika makala haya.

Ila huko huko ndiko alikotokea mtoto ambaye nataka walimu wote tumjue. Anaitwa Richard Turere. Alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yake jirani na hifadhi, na simba walikuwa wanawamaliza. Akajaribu moto, akajaribu sanamu ya kutishia, simba wakazoea. Usiku mmoja akatembea na tochi zizini akaona simba hawasogei, maana wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kifaa cha kuwashia na kuzimia indiketa za pikipiki, na globu za tochi mbovu. Akazifunga kuzunguka zizi zikawa zinawaka kwa kupokezana kama kuna mtu anatembea usiku kucha. Simba wakaacha kuja, na hakuna aliyehitaji kuwaua. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alialikwa kulieleza jambo hilo kwenye jukwaa la TED kule California.

Najiuliza: mtoto kama huyo angekuwa kwenye darasa langu Ijumaa ile, akachora jiji lenye simba na taa, ningempa ngapi? Naogopa kujijibu.

Kwa hiyo kwa Wakili najibu hivi: bili ipo, na anayestahili kuilipa kwanza si yule mwenye mbuzi wanne. Hata kwa yule binti wa bondeni ni hivyo hivyo. Ni rahisi mimi niliye kilimani kusema bonde warudishiwe chura na matete. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua makumi ya watu Dar, familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto, na wengine hawakukaa. Mto unahitaji nafasi yake, hilo sibishani nalo. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022, umepanga sehemu ya bonde iwe bustani ya jiji. Natamani nifike siku nione matete na ndege pale Jangwani. Lakini hiyo bustani nitaihesabu kuwa nzuri pale mtu aliyelala pale kabla yake atakapokuwa amepata pa kulala palipo bora zaidi. Jiji lenye nafasi ya korongo na lisilo na nafasi ya mama muuza vitumbua nalo nitalipa 11.

MATUTA NA KAMBA

Sasa mtaniuliza, tumbili wetu je? Hapa hatuhitaji miujiza. Majirani zetu wameshafanya.

Zanzibar, barabara inayopita kando ya msitu wa Jozani ilikuwa inaua kima punju, ambao kiasili hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Wakawekewa matuta, magari yakapunguza mwendo. Tuta ni udongo na lami tu, halihitaji mtu awe na shahada. Diani, pwani ya Kenya, mbega walikuwa wanagongwa wakivuka barabara ya hotelini. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, likafunga madaraja ya kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti. Mbega wakajifunza kupita juu, magari yanapita chini. Kila mmoja na njia yake, kama Harar.

Na sisi tutafanyaje? Nimekaa nimeandika karatasi yangu. Ina mambo manne. Moja, pipa la kantini liwekewe mfuniko mzito wa kufungwa, na litolewe kila jioni badala ya kila likifurika. Mbili, madirisha ya nyuma yawekwe wavu wa chuma, kuanzia ghorofa ya kwanza na ya pili ambako matawi yanafika. Tatu, mikungu ibaki, ila matawi yanayogusa jengo yapunguzwe. Nne, na hii inatuhusu sisi: mtu yeyote akikutwa anamlisha tumbili alipe faini ya usafi wa korido wiki nzima. Mimi nimejiandika wa kwanza kwa ajili ya ile picha ya fulana ya bluu.

Hasara yake naijua. Wavu utapunguza upepo, na mnajua vyumba vyetu mwezi wa pili vinakuwaje. Hela ya wavu inaweza kuchelewa, na ikichelewa niko tayari kuchangia kwenye bumu lijalo hata kama ni kidogo. Tumbili nao hawataacha wiki ya kwanza. Watakuja, watagonga, watakasirika, pengine tutapoteza mkate mwingine mmoja au miwili. Mwanafunzi aliyefundishwa vibaya miaka yote haachi kwa siku moja. Lakini tukikata mikungu na pipa likabaki wazi, nawaahidi kitu kimoja: panya wapo njiani, na kunguru tayari wako kwenye waya wanasubiri. Hao huwezi kuwapiga picha wala kuwaonea aibu.

Halafu ile mikungu yenyewe. Saa kumi jioni kivuli chake kinafika mpaka kwenye ngazi, na nusu ya msuli wa jengo hili unapigwa pale. Kuna waliochumbiana pale (sitaji majina, mnajijua). Tunataka kuikata kwa sababu ya mkate wa slesi na desa langu. Mwenye desa nasema hapana, nimesamehe. Test nitakuja kuifidia kwenye UE, Mungu akipenda.

Tukihitimu tutatawanyika. Wengi wetu tutakwenda kusimama mbele ya watoto 47, au 80, na mmoja wetu Ijumaa moja akiwa amechoka atawaambia wachore jiji la baadaye. Nikipata nafasi hiyo tena, nitaongeza swali dogo chini ya ubao: onyesha kunguru analala wapi, chura anakaa wapi, na taka zinakwenda wapi. Anayeacha sehemu hiyo wazi hapati 18, hata kama amepiga mistari yote kwa rula.

Yule binti nimejaribu kumtafuta kupitia mwalimu aliyekuwa ananisimamia. Ameniambia familia yao ilihama baada ya mvua za masika, hajui ilikoenda. Kwa hiyo ile 11 imebaki kwenye daftari langu la alama, na sina namna ya kuifuta.

Karatasi yangu nimeibandika mlangoni kwetu, ghorofa ya pili, pale palipochorwa tumbili mwenye miwani (najua ni nani aliyechora, na nimekubali kwamba kanifanana). Kalamu imefungwa kwa uzi. Hadi naandika hapa ina sahihi tatu: yangu, ya mlinzi wa usiku, na moja ambayo mwandiko wake ni wa Wakili ingawa anakana katakata.

Maoni yenu nayasubiri, hata ya kunitukana, ila desa la tumbili lisitajwe. Naomba kuwasilisha. Alamsiki.